Sumu Hungoja Njaa

Mwezi wa tano theluji ya Alpi hushuka ikiwa maji,
Mto Rhine huvimba, huvuka kingo zake,
na msitu mzima husimama dimbwini hadi magotini:
mierebi, mialoni, na kibao kinachokataza kuvua samaki.
Mimi huvaa mabuti ya mpira yafikayo kiunoni
nikaenda kuhesabu.

Kazi yangu ni upawa.
Upawa mweupe, mpini mrefu, kama wa kupakulia supu.
Nauzamisha mara kumi:
thelathini na wanane, arobaini na mmoja, hamsini na ushei.
Viluwiluwi hawatulii wakahesabika.
Naandika kwa penseli; wino huogopa maji.

Kisha Giselher huja na helikopta
kumwaga chembe za barafu zilizobeba unga wa bakteria,
zikipenya majani, tap, tap,
kama mvua ya mawe yenye adabu.

Watoto wa shule huniuliza: Hiyo ni sumu?
Nami hujibu: Inategemea tumbo la nani.
Ni fuwele, imelala.
Ukiimeza wewe, itapita
kama mgeni asiyeuona mlango.
Lakini utumbo wa kiluwiluwi ni mkali kama magadi;
humo fuwele huyeyuka, huamka,
na ndani yake mna ndugu wanne.
Watatu ni majabari. Wa nne, ukimtuma peke yake, hafui dafu,
ila yeye ndiye huwashikia wenzake mlango.
Kidole kimoja hakivunji chawa.
Wakiingia wote, ukuta wa utumbo hutoboka,
na kiluwiluwi huacha kutingishika.

Mwaka huu maji yalikuwa baridi.
Siku mbili baada ya helikopta nilizamisha upawa:
thelathini na sita.
Nikazamisha tena, labda nimekosea:
thelathini na tisa.
Dakta Ottmar aliinua miwani yake, akasema,
“Sumu haijashindwa, Irmtraud. Haijaliwa.”

Haijaliwa.
Neno hilo nililibeba hadi nyumbani,
alikokuwa mama yangu, Roswitha, mpishi mstaafu
wa kantini ya kiwanda cha matofali,
aliyelisha watu mia mbili kila adhuhuri,
na sasa amefunga midomo wiki ya pili.
Kijiko kiligonga meno yake, kikarudi na dawa yake.
Nilisaga kidonge. Nikakificha ndani ya jemu ya plamu,
ile aliyoipika mwenyewe kabla hajasahau plamu ni nini.
Alinusa.
Akafungua kinywa.

Asubuhi nilikwenda kwa Hartwig, kwenye kiwanda cha bia,
nikaomba ndoo ya chachu.
Aliniuliza kama nimeanza kuoka mikate.
Tuliikausha, tukaisaga, tukaichanganya na unga wetu.
Chupa kumi na mbili za maji baridi ya msituni:
sita zenye chachu, sita zisizo nayo.
Nilikaa nazo kama mtu anayekesha na wagonjwa,
nikiomba wale, jamani, wale tu kidogo.

Walikula.
Kufikia magharibi, chupa zenye chachu zilikuwa kimya.
Si zote: katika ya tano walibaki wanne wakubwa,
wale wanaokaribia kuota mbawa, ambao hawali tena kitu,
na kwa hao sina la kufanya.
Wala sina jibu kwa yule binti mwenye koti la manjano
aliyetaka kujua mbayuwayu watakula nini.
Niliandika swali lake pembeni mwa daftari. Bado lipo.

Usiku mama alimeza vijiko vitatu.
Cha nne alikishika mkono, akanikazia macho,
yale macho ya jikoni, ya zamani,
akasema sentensi yake ya kwanza tangu Pasaka:
“Umetia nini humu?”

“Jemu,” nikasema.

Akala.
Baadaye nikaosha kijiko, nikaosha na upawa.
Sikuviosha katika beseni moja.